Tupeane uzoefu: mmea gani umewahi kukuulia mifugo?

Wakuu, naanza mimi wa Kongwa. Mtama tulishavuna, ikanyesha mvua moja ya kuchelewa, mabua yakachipua. Shamba zima limekauka, kijani ni kile tu. Kijana akawaingiza ng'ombe asubuhi, wana njaa ya jana. Nusu saa haikuisha, mtamba wangu akaanza kuyumba, anahema kama aliyekimbizwa, mate yanamtoka. Chini. Wa pili alidondoka na jani bado mdomoni. Fizi zilikuwa nyekundu kupita kawaida. Mmoja akasema nyoka, mwingine akaanza kumtaja jirani (tunavyopenda kutaja majirani!). Bwana mifugo alipofika aliuliza swali moja: "Wamekula machipukizi?" Kumbe mtama mchanga, au uliodumazwa na jua, una sumu ya sianidi. Wa tatu alikuwa bado anatetemeka, akachomwa sindano ya mshipa, jioni kasimama. Siku hizi machipukizi nayakata, nayaanika yakauke kabisa ndipo nalisha.

RUNGWE: Pole sana mkuu. Mimi sikufiwa, ila nililia. Nilipogoa miparachichi, matawi nikawatupia mbuzi wa maziwa, walivyoyafakamia! Kesho yake viwele vimevimba, maziwa kidogo na yana mabonge. Nikanunua dawa za kiwele, wapi. Ni majani yenyewe. Kwa uzao ule maziwa hayakurudi.

MARIGAT: Huku Baringo, Kenya, shida yetu ni mathenge, ile miti ya miiba. Ililetwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, sasa imefunga hadi malisho. Haiui papo hapo. Maganda yake ni matamu, mbuzi anayapenda kama mtoto na peremende, na sukari ile inanasa kwenye meno mpaka yanaoza na kung'oka. Mbuzi kibogoyo atakula nini? Anakonda ukimwangalia. Watu wa eneo la Ng'ambo, huku kwetu Marigat, waliishtaki serikali mwaka 2006, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Walicheka wasiofuga.

MKURANGA: Wadau, maganda ya muhogo kwa nguruwe vipi? Nayapata bure kwa mama wa chipsi.

KONGWA: Muhogo mtamu au mchungu?

MKURANGA: Sijawahi kuuliza.

KONGWA: Basi leo usiwape. Sumu ni ileile iliyoniulia mtamba, na kwenye ganda ipo nyingi kuliko ndani. Kamuulize mama kwanza. Hata akisema mtamu, yakatekate, anika juani siku kadhaa mpaka yavunjike mkononi, kisha uanze na kidogo.