Kikundi: Wajukuu wa Bi Zuhura

*Said:* Assalaam aleikum. Nimetoka kupimwa damu, mimi ni A. Ami Juma ni grupu gani?

*Mama Salma:* Waleikum salaam mwanangu. Kwani unaumwa?

*Said:* Siumwi. Nataka kumpa Ami pafu moja. Ninayo mawili.

*Halima:* 😂😂 kama anagawa ndala

*Rukia wa Toronto:* Said, Mungu akuzidishie. Ami ni O. Akiwekewa pafu la A hivi hivi, kingamwili zake zitalivamia pale pale, damu igande kwenye mishipa yake. Na mtu aliye hai hatoi pafu zima, hukatwa kipande cha chini. Hutafutwa watu wawili kumtosheleza mmoja. Huku karibu yote ni ya marehemu.

*Babu Athumani:* Sisi tulifundishwa O humpa kila mtu. Leo yeye ndiye anakosa?

*Rukia wa Toronto:* Ndivyo Babu. Anatoa kwa wote, anapokea kwa O mwenziwe tu. Na pafu la O likipatikana, wa A na wa B nao linawafaa. Wa O hungoja karibu mara mbili ya wa A.

*Mama Salma:* Dhulma hiyo.

*Halima:* Mbona nasoma Kyoto, Japani, 2022 mgonjwa aliwekewa vipande kutoka kwa jamaa zake na grupu hazikulingana?

*Rukia wa Toronto:* Kweli. Lakini kwanza walimpa dawa za kuzima kinga yake. Ami na kifua kile, kinga ikizimwa zaidi, homa ndogo tu inamlaza.
Huku wanajaribu njia nyingine. Badala ya kumbadilisha mgonjwa, wanalibadilisha pafu.

*Babu Athumani:* Linabadilishwaje?

*Rukia wa Toronto:* Grupu A ni sukari tu Babu, imekaa juu ya seli. O ni andazi kavu, A ni andazi lile lile limenyunyiziwa sukari. Mapafu yanawekwa ndani ya kasha la plastiki, yanapitishiwa maji maalumu, yanapumulishwa na mashine kwa joto la mwili. Kwenye maji wanatia vimeng'enya viwili vinavyokwangua ile sukari. Walichapisha 2022, Dkt. Cypel na wenzake wa hospitali ya Toronto General. Ndani ya muda wa saa nne tu, zaidi ya asilimia 97 ya sukari imeondoka.

*Mama Salma:* Na hivyo vimeng'enya vinatoka wapi?

*Rukia wa Toronto:* Kwa vijidudu vya utumboni mwa binadamu. Watafiti wa Vancouver, huku huku Kanada, ndio waliovipata.

*Mama Salma:* Utumboni!! Astaghfirullah. Kisha vinatiwa kifuani kwa mtu?

*Halima:* Mama vinaoshwa 😂

*Said:* Basi wanikwangue mimi!

*Rukia wa Toronto:* Yale mapafu ya majaribio hayakupandikizwa kwa mtu. Mwaka 2025 ilitoka habari ya figo la A lililokwanguliwa hivyo, likawekwa China kwa mtu wa O ambaye ubongo ulishakufa, familia yake ikakubali. Siku mbili likatulia. Siku ya tatu sukari ikaanza kurudi, na kinga nayo ikaamka. Seli zinaitengeneza upya, hapo ndipo penye kazi.

*Babu Athumani:* Na huyo marehemu wa kumpa Juma akiwa si Muislamu?

*Rukia wa Toronto:* Ami alimuuliza imamu kabla hajajiandikisha. Hakuna neno.

*Mama Salma:* Juma mwenyewe anasemaje?

*Ami Juma:* Juma anawasoma tangu asubuhi. Mtungi wa oksijeni uko upande huu, simu upande huu. Mnanigawana kama nyama ya Idi.

*Said:* Shikamoo Ami 🙈

*Ami Juma:* Marahaba. Pafu lako kaa nalo. Zile shilingi elfu tatu za mwaka juzi ndizo nazitaka.

*Halima:* 💀💀

*Said:* Ami nakuja inbox