UKOO WA BI TATU: mzigo wa Salum

*Jumanne*

Dada Mwajuma, 07:12: Asalaam aleikum. Binti wa jirani anasafiri Ijumaa kwenda Warszawa, Polandi, amenipa nafasi ya kilo 6. Salum anahitaji kanga doti 7 na kayamba 2 za onyesho la wanafunzi wake. Kila nyumba doti moja. Jibuni mapema.

Dada Mwajuma, 09:40: Watu 14 mmesoma. Kimya.

Juma, 09:52: Dagaa zitaingia humo?

Dada Mwajuma, 09:53: Juma, hakuna dagaa.

Juma, 09:55: Mwonee huruma dada, mwenzetu anashindia supu ya bitiruti 😂 Mnakumbuka ya mwenye nyumba wake? Kaka kaomba kutumia jiko kwa Kipolandi cha kitabuni, bibi wa watu akamjibu "no, no". Kala mkate wiki mbili. Kumbe kwao "no" ndiyo naam!

Zuhura, 10:01: 😂😂😂 Jamani mbavu zangu

Dada Mwajuma, 10:02: Tunazungumzia kanga.

Salum, 14:20: Wa aleikum salaam. Samahanini, nilikuwa mazoezini, simu tunaziacha mlangoni pamoja na viatu. Dada, ahsante sana. Hapa Wrocław ndipo Grotowski, mwongozaji wa tamthilia, alipohamishia kundi lake kutoka mji wa Opole mwaka 1965, yule aliyeonyesha kwamba mwigizaji anaweza kubaki na mwili na sauti yake tu. Wanafunzi wangu miili yao imeiva kweli, wananishangaza. Sasa nawapa nguo inayosema. Juzi nilitumia shuka, nikawaambia hii ni kanga. Binti mmoja akaniuliza, "Imeandikwa nini?" Nikakosa la kumjibu. Mke mwenza akikatiza ukumbini bila kufungua mdomo, jina la kanga ndilo linalotukana. Shuka haliwezi. Naomba kila doti iwe na jina zito.

Dada Mwajuma, 14:31: Mmesikia. Halima, ile yako ya "Wema hauozi" ipo?

Halima, 15:08: Ipo. Ila kuna kisutu cha Bibi kilichokwenda kwenye maonyesho mwaka 2011, hakijarudi mpaka leo. Nacho kilikuwa kanga.

Juma, 15:09: Ala! Tumefika huko 🙈

Salum, 15:15: Halima mdogo wangu, lile nilishaomba radhi.

Halima, 15:16: Kwa Mama. Mimi ndiye niliyeambiwa nimekiuza, kaka. Kwangu hukuja.

Dada Mwajuma, 15:20: Haya mtayamaliza wenyewe. Doti mpaka sasa ni 2, yangu na ya Zuhura. Ijumaa haingoji mtu.

Salum, 15:44: Halima, una haki. Nimemwaza sana Bibi wiki hii. Jumamosi, tarehe 1 Novemba, huku ni siku ya kuzuru makaburi. Maduka yamefungwa, tramu zimejaa watu na maua. Mwanafunzi alinichukua na familia yake. Wanasugua mawe, wanafagia majani, wanawasha mishumaa ndani ya vikombe vya glasi. Saa kumi na moja jioni giza lilishaingia, na makaburi yote yanawaka kama mji mwingine. Mama yake akanipa mshumaa mmoja, niwashe kwa ajili ya wangu.

Zuhura, 15:46: Subhanallah

Baba Mkubwa, 16:30: Salum. Umefanya vizuri kwenda makaburini na watu wa watu. Kaburi la mama yangu nyasi zimefika kiunoni. Ninyi nyote 14 mnasoma hapa.

Dada Mwajuma, 16:58: Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Salum, 17:03: Shikamoo Baba. Nitatuma hela ya vijana wakafyeke.

Baba Mkubwa, 17:10: Sikutaja hela.

Dada Mwajuma, 18:25: Basi Jumapili baada ya alfajiri tukutane makaburini, kila mtu na panga lake. Na kanga ziwe kwangu Alhamisi. Juma?

Juma, 18:40: Jumapili nitakuwepo dada. Kanga nimuulize mke wangu.

Salum, 19:02: Halima, nikikupigia usiku utapokea?

Mjomba Kassim, 21:17: Salaam. Mzigo gani? Ijumaa hii au ile?

Dada Mwajuma, 21:18: Mjomba, soma juu.

Halima, 22:06: Dada, tuma mtoto afuate "Wema hauozi" kesho asubuhi. Simu nitaona.