Hivi mtu mwenye vidole pungufu aliwezaje kuwa mrushaji bora wa besiboli?

mzee_wa_takwimu:
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa napitia mambo ya besiboli ya zamani ya Marekani nikakutana na jamaa anaitwa Mordecai Brown, wanamwita "Three Finger", enzi zake na Chicago Cubs 1906 alishinda mechi 26 akapoteza 6 tu. Sasa mpira ule unashikwa kwa vidole, yeye kidole cha shahada hana, alikuwa anaurushaje? Au ndo zile stori za kukuza?

dogo_wa_nje:
Sio stori mkuu. Alizaliwa Indiana 1876, akiwa mtoto mkono wa kulia ukaingia kwenye mashine ya kukatia chakula cha mifugo, kidole cha shahada kikaondoka kikabaki kipande. Mkono haujapona vizuri akaanguka akavunja vingine, vikaunga vibaya, cha kati kikabaki kimepinda hivyo hivyo. Sasa akishika mpira kile kipande kinaukandamiza na kile kilichopinda kinauzungusha, ukifika kwa mpigaji unadondoka ghafla, kama ile friki inayomshukia kipa wakati keshajua inapaa 😂 Ile 1906 wastani wake ulikuwa 1.04, yani ukimpa mechi nzima ya ining 9 (yani awamu 9) unapata kwake kama pointi moja basi.

Mama Kijacho:
Ila jamani msimsifie ajali peke yake. Alitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe, ndo maana walimwita pia Miner, bega lile halikuja bure. Afu mpira unaodondoka mpigaji anaugonga kwa juu, unaenda chini chini, na pale chini Cubs walikuwa na Tinker, Evers na Chance wanaokota kila kitu. Mpeleke timu yenye walinzi wabovu tuone.

dogo_wa_nje:
Walinzi sawa dada, lakini 8 Oktoba 1908 ugenini New York, mechi ya kuamua nani bingwa wa ligi, mwenzake Pfiester kachemka ining ya kwanza tu, akaingizwa Brown akamalizia yote, wakashinda 4-2 mbele ya Mathewson, mrushaji nyota wa New York. Wakaenda kubeba World Series, ile fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, na baada ya hapo Cubs hawakubeba tena hadi 2016!

mzee_wa_takwimu:
Daah miaka 108, kumbe kuna watu wanavumilia kuliko sisi. Na huyo Mathewson aliishia wapi na yeye?

Mama Kijacho:
Walimaliza pamoja. Septemba 1916 walipangiwa kukutana Chicago, wote mikono imechoka, wakagongwa kama watoto, Cincinnati ya Mathewson ikashinda 10-8 na hakuna kati yao aliyerusha tena ligi kuu. Mathewson aliingia Hall of Fame, lile jumba la heshima la magwiji wa besiboli, kundi la kwanza kabisa, Brown wakamwingiza 1949.

mzee_wa_takwimu:
Aliiona lakini?

Mama Kijacho:
Alifariki Februari 1948.