Njiwa anajuaje sekunde 30 zimetimia? Ubongo una saa moja au kadhaa?

Mwl_Baiolojia_Tanga
Wakuu, klabu ya sayansi hapa Tanga inataka kupima kama njiwa wa kufuga hukadiria muda. Vifaa vipo: sanduku la plaiwudi, taa ndogo, kitufe cha kudonoa, na kisanduku cha mtama kinachofunguliwa na mota. Taa inawaka, zikipita sekunde 30 njiwa akidonoa anapata mtama. Maswali mawili. Nitajuaje kwamba kweli amekadiria, si kudonoa ovyo? Na njiwa haohao hukusanyika kabla ya kulishwa saa kumi na moja jioni. Ni sehemu ileile ya ubongo inayofanya kazi zote mbili?

Mtama_Mtupu
Mkuu, ukimlipa kila mara hutaona kitu, maana akishakula jaribio limekwisha. Siri iko kwenye majaribio matupu. Mfundishe kwanza kwa malipo: akidonoa mara ya kwanza baada ya sekunde 30 kutimia, mtama unafunguka kwa sekunde 3, kudonoa kabla ya hapo hakuleti kitu wala adhabu. Akishaonekana anatulia mwanzoni kisha anadonoa kwa kasi kuelekea mwisho, ingiza jaribio tupu moja katika kila matano, bila mpangilio. Humo taa inawaka sekunde 90 na mtama hautoki kabisa. Andika wakati wa kila anapodonoa, jumlisha kwa vipande vya sekunde 2, ukifikisha majaribio matupu 40 chora. Akikadiria, utapata mlima wenye kilele karibu na 30, unaoshuka pande zote mbili. Akidonoa ovyo, utapata mstari ulalao.

Yanayoharibu: pumziko kati ya majaribio likiwa sawa kila mara, njiwa anaanza kuhesabu tangu mlo uliopita, kwa hiyo libadilishe kati ya sekunde 40 na 80. Mota ikilia sekunde moja kabla ya kufungua, anasikiliza mota. Majaribio matupu yakizidi nusu, anakata tamaa na kuacha kudonoa. Na mpime uzito kila siku, asishuke chini ya asilimia 85 ya uzito wake wa kawaida. Njiwa aliyedhoofika hakupi kipimo, anakupa njaa.

Jambo moja linalowapotosha wengi: mlima huo laini ni wa wastani. Tazama jaribio moja moja utaona hatua tatu: kimya, kudonoa mfululizo, kimya tena. Mlima unatokea kwa sababu anapoanza na anapoacha hubadilika kila jaribio.

gando_moja
Najibu la pili: hapana, ni saa mbili tofauti. Saa ya siku nzima, kwa mamalia, imekaa kwenye viini viwili vya haipothalamasi (sehemu ndogo chini ya ubongo), juu tu ya pale neva za macho zinapopishana, seli kama 10,000 kila upande kwa panya. Mwaka 1972 watafiti Marekani waliviharibu, na panya wakapoteza mpangilio wa usiku na mchana. Lakini panya wa namna hiyo bado hukadiria sekunde. Kwa ndege kazi imegawanywa: haipothalamasi, macho na pineali, tezi ndogo ndani ya kichwa inayotoa homoni ya usiku. Shomoro aliyetolewa pineali na kuwekwa kwenye giza la kudumu hurukaruka bila ratiba.

(Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa kwenye mikoko yetu wana pia saa ya kupwa na kujaa kwa maji: ukiwatenga na bahari huendelea siku kadhaa kuchangamka kila baada ya saa 12.4 hivi. Bamvua na maji mafu ni habari nyingine.)

Kabla hujasema njiwa wako "wanajua" saa kumi na moja, ondoa adhana ya alasiri, sauti ya ndoo na kivuli cha mlishaji. Walishe wiki mbili saa tano na robo asubuhi, kisha siku moja usilete chakula wala usisogee. Mtu ahesabu kwa mbali waliopo kila dakika 5.

Mwl_Baiolojia_Tanga
Nimeelewa. Sasa hizo sekunde zinakadiriwa wapi? Wanafunzi wamesoma kwamba dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, inaharakisha saa.

Mtama_Mtupu
Ushahidi mzito uko kwenye straitamu, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo. Mwaka 2015 walirekodi seli za straitamu za panya waliokuwa wakingoja kati ya sekunde 12 na 60. Seli ziliwaka kwa kupokezana, hii baada ya ile, na muda ulipoongezwa msururu mzima ulinyooka nao. Kwa hiyo ukitazama ni seli zipi zinawaka sasa, unajua panya yuko wapi katika kungoja. Vipindi vilivyo chini ya sekunde moja, kama kufumba jicho kabla ya hewa kupulizwa jichoni, ni kazi ya serebelamu, yaani ubongo mdogo wa kisogoni.

Dopamini si rahisi hivyo. Methamfetamini, dawa inayoongeza dopamini, inasogeza kilele upande wa kushoto (mapema), haloperidoli, inayoizuia, upande wa kulia (kuchelewa), ndipo ikasemwa dopamini inaharakisha. Lakini mwaka 2016, seli za dopamini zilipochochewa moja kwa moja kwa mwanga, panya wadogo waliuona muda kuwa mfupi kuliko ulivyo, yaani saa ilipungua mwendo. Dawa hufika ubongo mzima na hugusa pia hamu ya chakula, kwa hiyo waambie wasizilinganishe moja kwa moja.

Mkishapata mlima wa 30, rudieni kwa 60 na njiwa yuleyule, jaribio tupu likiwa sekunde 180. Upana wa mlima unatakiwa uwe karibu mara mbili. Ukibaki uleule, kagueni mota kwanza.