Mume wangu alijipa alama 4 za huruma. Nisikitike?

MamaMahamri_Likoni:
Assalamu alaykum jamaa. Nisomeni mpaka mwisho, tafadhali.

Mdogo wangu wa kike yuko chuoni na anafanya utafiti wa upendo wa huruma kwa wanandoa. Si yale mahaba ya moyo kwenda mbio. Ni kumwonea mwenzio imani, kuumia akiumia, kutaka kumwondolea tabu. Alitupa hojaji mimi na mume wangu, kila mtu ajaze peke yake. Sentensi 21, na kila moja unajipa alama kuanzia 1, si kweli kwangu hata kidogo, hadi 7, ni kweli kabisa.

Mimi nilijaza 6 na 7 karatasi nzima. Yeye 4, 5, 4. Penye kuuliza kama hutumia muda mwingi kuwaza hali ya mwenzake, akaandika 3. Sikulala.

Tuna miaka 11 ya ndoa. Yeye ni kuli bandarini, mimi nauza mahamri, naamka saa 9 usiku. Tangu mafuta yaniunguze mkono mwaka jana, yeye ndiye huliteleka karai na kuliipua, hata siku anazorudi kwenye zamu saa 8. Hasemi kitu. Huinuka, akaipua, akarudi kulala.

Sasa niamini karatasi au niamini karai?

Msaikolojia_Kisauni:
Pole dada. Kipimo hicho kilitungwa na Susan Sprecher na Beverley Fehr, kikachapishwa mwaka 2005. Kina namna tatu: ya jamaa na marafiki wa karibu, ya wageni na binadamu kwa jumla, na ya mpenzi mmoja mahususi. Kwanza hakikisha mlijaza ipi.

Lakini zote zinamuuliza mtu anavyojiona mwenyewe. Asiyezoea kujisifu hujipunguzia. Ni chombo cha utafiti, cha kulinganisha watu wengi. Usikitumie kuihukumu ndoa yako moja.

Harry Reis na wenzake walipita njia nyingine. Walichukua maharusi wa Amerika Kaskazini, jozi 175, na kwa wiki mbili kila mmoja akawa anaandika kila siku aliyomtendea mwenzake na aliyoona ametendewa. Katika matokeo waliyochapisha 2017, aliyetenda wema alijisikia vizuri zaidi hata pale mwenzake alipokuwa hakuuona.

BiKizee_MjiWaKale:
Mwanangu, marehemu bwana yangu alikatwa mguu kwa sukari, nikamuuguza miaka minne. Mwaka wa pili ungeniletea hiyo karatasi ningejipa 2. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kuugua, Mungu anisamehe. Na asubuhi ile ile nilimwosha, nikamkanda mgongo, nikampikia uji. Muulize mumeo aliijaza saa ngapi, kabla ya zamu au baada.

Zamu_ya_Usiku:
Dada, mimi pia ni mwanamume wa zamu, wa Changamwe. "Muda mwingi kuwaza" mimi ningeelewa ni kukaa kitako kuwaza, nami ningeandika 3 vile vile. Ila nikuulize bila ubaya: hizo 7 zako, mumeo akiambiwa azitaje, atataja nini?

MamaMahamri_Likoni:
Nimerudi. Namna tuliyojaza ni ya mpenzi, nimeiangalia. Na Bi, ulijua: aliijaza alfajiri, katoka zamu, hajavua hata viatu.

Kaka wa Changamwe, swali lako liliniuma siku mbili, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilijipa 7 kwa ninavyohisi moyoni. Basi nikachukua daftari la madeni ya mahamri, nikapiga mstari katikati: nilichotenda, nilichotendewa. Tumeandika siku tano.

Siku ya Jumanne mume wangu kaandika: "Kanibakishia mahamri mawili na mbaazi, kafunika na sinia zisipoe." Hilo mimi sikuliandika popote, wala sikulihesabu. Nimefanya hivyo miaka yote.

Upande wake wa aliyotenda ni mweupe siku zote tano. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hakumbuki kufanya kitu.

"Na karai?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua. "Karai nalo la kuandika? Mkono wako si bado unauma?"

Mkono ulipona Ramadhani. Sijamwambia bado.