Udereva wa malori Hoima na Buliisa: madalali wametukalia shingoni na wakubwa wamenyamaza

Ndugu zangu madereva, na nyinyi mnaosoma humu bila kuandika, leo nina hasira na sitaificha.

Kila wiki kijana anauliza humu, "Wakuu, kazi ya udereva kule kwenye mafuta inapatikanaje?" Na kila wiki anajitokeza mtu kumjibu aje pembeni wazungumze, ana mtu wake Hoima. Huyo mtu wake Hoima ndiye ninayemwandikia uzi huu, pamoja na kila kampuni inayomfungulia geti.

Nimekula maisha yangu kwenye barabara ya Mombasa, Malaba, Kampala mpaka Juba. Pamiti yangu ina daraja la CH na la E, yaani malori mazito na ya trela, na haina doa. Nilikuja Bunyoro, magharibi mwa Uganda, kwa sababu nilisikia kilichosikiwa na kila mtu: mradi wa mafuta wa Tilenga unajengwa Buliisa na Nwoya, ule wa Kingfisher unajengwa Kikuube, bomba la kilomita 1,443 linatoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani kule Tanga, na vyote hivyo vinataka malori. Uamuzi wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022, na tangu hapo lori halijakatika kwenye barabara hizi. Kokoto, saruji, mabomba, mitambo, maji, chakula cha kambini, vyote vinabebwa na dereva.

Tena sheria iko upande wetu. Kanuni za mwaka 2016 za ushiriki wa wananchi katika mafuta zimetenga kazi kadhaa kwa ajili ya kampuni za Waganda, na usafirishaji umo. Kwa hiyo anayenidai hongo nipande lori si Mfaransa wala Mchina mwenye miradi hii. Ni mwananchi mwenzangu, aliyepewa nafasi hiyo kwa jina langu mimi na wewe.

Sikilizeni inavyokwenda. Mkandarasi mkubwa anatoa kazi kwa kampuni ya usafirishaji. Kampuni hiyo haina malori ya kutosha, inakodi kwa mwingine. Huyo wa pili hana madereva, anampigia simu mtu anayejiita koordineta. Koordineta ana daftari, na kuingia kwenye daftari kuna bei. PAU, mamlaka ya mafuta ya Uganda, ina rejesta ya taifa ya watafuta kazi za mafuta na gesi, kujiandikisha ni bure, na majina ya madereva yamejaa humo. Lakini huyo wa pili haifungui. Anafungua daftari la koordineta.

Halafu vyeti. Naomba nieleweke: sipingi usalama hata kidogo. Kifaa kinachofungwa kwenye kabini kurekodi mwendo na breki za ghafla, nakikubali. Kukatazwa kuendesha usiku, nakubali kwa mikono miwili, maana nimezika wenzangu waliosinzia kwenye usukani wakikimbiza mzigo wa bosi. Kupimwa macho, masikio na presha ni haki kabisa. Ninachopinga ni biashara iliyojengwa juu ya usalama. Unaambiwa ukasome udereva wa kujihami. Unalipa. Unaambiwa huduma ya kwanza. Unalipa. Kuzima moto, unalipa. Hospitali, unalipa. Mimi yalinitoka zaidi ya shilingi 900,000, nyingine za kukopa kwa shemeji yangu. Nafika getini, afisa anageuza cheti juu chini na kusema, "Mzee, chuo hiki hatukitambui." Namuuliza, mnatambua vipi? Anasema orodha iko ofisini. Ofisini nako wanasema muulize koordineta. Na koordineta, bila kupepesa macho, ananitajia chuo cha rafiki yake.

Orodha ya vyuo vinavyokubalika inafichwa kwa nini? Ni karatasi moja. Ibandikwe getini, ibandikwe kwa mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, isomwe redioni Hoima kwa Runyoro na Kiswahili. Mtu akishalipa mahali pasipotambulika, hela yake hairudi, na wakati anatafuta nyingine ripoti ya daktari inaisha muda, anaanza upya.

Sasa niwaambie nililoliona kwa macho yangu kwenye yadi moja nje ya mji wa Hoima, upande wa barabara ya Kaiso-Tonya. Tulikuwa tunapimwa. Aliyetupima alikuwa fundi wa kazi, huyo sina ugomvi naye. Alinipa kichwa cha lori akaniambia nikiunganishe na trela la futi 40, nipige rivasi kati ya mapipa, kisha nishuke nimweleze nilichokagua. Nikaingia chini ya trela taratibu, nikasikia pini imeshika, nikavuta kidogo kuhakikisha, nikashuka kutazama kwa tochi. Nikafunga mabomba ya upepo na waya wa taa, nikainua miguu ya trela, nikazunguka nikigusa tairi moja baada ya jingine. Rivasi niliingia mara moja bila kugusa pipa. Akasaini mbele yangu.

Nyuma yangu akapanda kijana mmoja. Aliinua miguu ya trela akataka kuondoka kabla pini haijafunga. Mpimaji alipiga kelele akakimbilia mlangoni, la sivyo trela lingelala chini na pua yake kwenye mchanga. Kesho yake orodha ikabandikwa. Jina la kijana lilikuwepo. Langu halikuwepo.

Kijana simlaumu, ana njaa kama mimi. Lakini huyo atapewa mzigo mzito, ateremke nao ule mteremko wa kwenda Buhuka ziwani, ambako breki zikipata moto hakuna pa kukimbilia. Atapita Biiso na Wanseko watoto wanapotoka shule. Siku akiua mtu, ripoti itasema dereva hakuwa makini, na koordineta hatatajwa popote.

Nilipouliza kwa nini niliachwa, nikajibiwa sina uzoefu wa kazi za mafuta. Jamani! Nani Uganda alikuwa na uzoefu wa kuendesha lori kwenye mradi wa mafuta kabla mradi haujajengwa? Wanaoingia bila huo uzoefu wameupatia wapi?

Na suala la wenyeji nalo niliseme wazi, maana najua litazuka hapa chini. Mwana wa Buliisa au Kikuube ambaye familia yake imepisha shamba, atangulie mbele yangu, sina neno. Shida ni kwamba barua ya LC1 ya kuthibitisha kwamba wewe ni mwenyeji nayo inanunuliwa. Nimekutana na watu waliofika juzi kutoka Kampala wana barua za vijiji wasivyojua viko upande gani wa barabara, na mwenyeji halisi amekaa kwenye kibanda cha chapati anatazama malori yanapita.

Ukiingia nako hakujaisha. Wengi hawana mkataba wa maandishi, wanalipwa kwa siku, lori likiharibika hawalipwi. Kanuni za ajira za 2011 zinasema kibarua asizidi miezi 4, baada ya hapo apewe mkataba wa maandishi. Basi wanachofanya ni kukusimamisha miezi 4 ikikaribia, wanakuita tena baada ya wiki kama mtu mpya, na koordineta anadai chake tena. NSSF wanakukata asilimia 5 yako. Ile 10 ya mwajiri nenda kaangalie mwenyewe kama imeingia. Kima cha chini cha mshahara nchi hii bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa hiyo hakuna ngazi ya kusimamia ukitaka kubishana.

Kitu kingine ambacho madalali hawawaambii vijana. Wengi wanadhani mafuta yakianza kutoka kutakuwa na kazi za kuendesha tanka la mafuta ghafi kwenda baharini. Hakuna. Mafuta yetu yana nta, yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa moto njia nzima hadi Tanga. Wakati wa malori mengi ni huu wa ujenzi. Tuliambiwa mafuta ya kwanza 2025, ikasogezwa 2026. Yakishaanza kutiririka, malori mengi yataondoka na nafasi hizi hazitarudi. Anayekuuzia leo nafasi ya kesho ya tanka anakuibia mchana kweupe.

Kwa hiyo nataka mambo machache, na nayataka sasa. Orodha ya vyuo itolewe hadharani. Matokeo ya majaribio ya yadi yabandikwe na alama zake, kila mtu aone aliyefaulu na aliyeanguka. Kampuni inayotaka cheti maalumu igharamie mafunzo yenyewe. Na mkandarasi mkubwa asiseme hayo ni ya wale wa chini yake. Jina lake ndilo limeandikwa kwenye fulana tunazovaa.

Kama umepitia haya Hoima, Buliisa, Kikuube au Nwoya, andika hapa chini: ilikuwa kazi gani, uliombwa kiasi gani, kwa ajili ya cheti gani au barua gani, na ulipewa risiti au hukupewa. Msiweke majina wala namba za simu za watu, uzi usije ukafutwa. Mwenye risiti aitunze vizuri, nakusanya za kupeleka kwa afisa kazi wa wilaya, na sitaki niende peke yangu.