Naomba njia ya kutembea yenye kivuli Iringa mjini, ya kuzunguka sio kwenda na kurudi

Mgeni wa Makorongoni
Kamwene wakuu, salamu nimeshajifunza 😄. Nimehamia Iringa kikazi kutoka Tanga na nimekuja na mama, tumepanga huku Makorongoni. Mama ana presha, daktari kamwambia atembee, na mwenyewe anapenda maana Tanga alishazoea kutembea Raskazone kila asubuhi. Sasa huku kila ukitoka nje ni mlima au mteremko, halafu jua la huku linadanganya, upepo unakupuliza unasema leo kuna baridi kumbe unaungua, juzi karudi pua inambabuka.
Nataka njia ya mzunguko, yaani asirudi alikopita, hilo anasema linamchosha kuliko mlima wenyewe. Iwe na miti, bodaboda zisiwe nyingi, na pawe na pa kupumzika kidogo katikati. Saa moja hivi kwa mwendo wa mtu mzima. Natanguliza shukrani.

nyalukolo_halisi
Karibu sana Iringa. Jibu ni Gangilonga, wala usihangaike kutafuta kwingine. Mwanzie Boma, lile jengo la Mjerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, mkitoka hapo mnaingia barabara za ndani za Gangilonga, zile za nyumba za zamani zenye viwanja vikubwa na fensi za michongoma. Miti ya humo ni mikubwa kweli, mijakaranda, migrivea, mikaratusi, sehemu nyingine matawi yanakutana juu ya barabara. Mnapanda pole pole kuelekea Wilolesi ila msifike juu kabisa, mkianza kuhema mnakata kushoto au kulia kwa barabara yoyote ya pembeni mnashuka na mtaa mwingine hadi mjini. Ndio raha ya kule, mitaa inaungana, leo unapita huku kesho unapita kule na bado ni mzunguko. Pa kupumzika ni bustani ya Manispaa mkishashuka, mama anakaa anaangalia watu.
Jiwe la Gangilonga msipande wiki za mwanzo. Mji mzima unauona ukiwa juu lakini pale ni kukwea jiwe sio kutembea, na jioni sikushauri mwende wawili tu.

Kivuli Tu
Naunga mkono Gangilonga ila mjumbe hapo juu kasahau kitu, KIVULI HAKIKAI PALE PALE. Mjakaranda unapukutisha majani kiangazi kikikolea, ukifika Septemba Oktoba unabaki na maua na matawi, watu wanakuja kupiga picha zile zambarau wanasema Iringa pazuri, ni kweli pazuri, lakini kivuli chake muda huo ni kama wavu wa samaki. Na ndio wakati mbaya zaidi maana katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa hapa kwetu (linarudi tena utosini mwishoni mwa Februari, ila Februari mvua zipo, mawingu yapo na mti una majani). Kwa hiyo miezi hiyo ya maua mfuate mitaa yenye migrivea na miembe, hiyo haibaki uchi.
Kitu kingine ni upande wa barabara. Asubuhi jua liko mashariki, barabara inayokwenda kaskazini kusini mtembee ukingo wa mashariki, ukuta na fensi za watu zinawapa kivuli hata kama hakuna mti. Juni na Julai jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, basi barabara ya mashariki magharibi ubanane na ukingo wa kaskazini. Watu wanapita katikati ya jua wanalalamika hakuna miti wakati ukuta wa jirani upo hapo bure!
Na kuungua ni haki yake, Iringa tuko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mionzi inakupata hata kukiwa na baridi. Kofia pana, sio kapelo, kapelo inaacha masikio na shingo.

sista wa zamu ya usiku
Mimi nina moja ya kiafya. Mtu aliyetoka usawa wa bahari kuhema siku za kwanza ni kawaida, ampe mwili muda, aanze na dakika 20 tambarare ya huko huko mjini kabla ya kumpeleka Wilolesi. Kipimo rahisi, aweze kuongea na wewe huku anatembea, akishindwa kumaliza sentensi punguzeni mwendo. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, hizo si lazima ziwe mfululizo, nusu saa kwa siku tano inatosha, sioni sababu ya kulazimisha saa nzima.
Muulize pia kama kwenye dawa zake kuna ya kukojoza. Kama ipo, njia yenu ipite karibu na choo cha kueleweka, na asiinuke ghafla mkishakaa hapo bustanini maana kizunguzungu kinakuja. Maumivu ya kifua akiyapata ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusema ngoja tumalizie kona.

dereva_mstaafu
Kipupwe cha Juni hadi Agosti msitoke alfajiri, jua lenyewe linachomoza inakaribia saa moja na ukungu bado umetanda Wilolesi yote. Saa mbili mbili mnatoka vizuri. Masika nalo maua na majani yakilowa kwenye ule mteremko yanateleza, avae raba zenye meno sio kandambili.

Mgeni wa Makorongoni
Asanteni sana, sista hilo la dawa nimemuuliza sasa hivi, ipo kweli, kumbe ndio maana. Nyalukolo vipi mbwa? Mama anaogopa mbwa kuliko presha, na nyumba kubwa nilizoziona kule zote zina kibao cha mbwa mkali.

nyalukolo_halisi
Mbwa wa kule wengi wako ndani ya geti, kelele tu. Shida ni saa ya kufungulia gari kutoka, kama saa moja hadi moja na nusu asubuhi watu wanaenda kazini na watoto shule, geti likiwa wazi mbwa anachungulia. Mkitoka saa mbili kama alivyosema mzee hapo juu hilo limepita. Na msalimie walinzi, siku ya kwanza atakuangalia tu, siku ya tatu anakusimamia mbwa mwenyewe, "pita mama, huyu hana neno".

Kivuli Tu
Saa mbili hiyo hiyo na ukingo ule ule wa mashariki. Mkiwa mnarudi saa tatu kivuli cha ukuta kimeshapungua, kwa hiyo sehemu yenye miti mingi muiweke mwisho, ile ya kuta mwanzoni. Wengi wanafanya kinyume.

Mgeni wa Makorongoni
Sawa, Jumamosi tunaanza na hizo dakika 20. Kofia pana mnanunua wapi hapa mjini, Soko Kuu au Miyomboni?